Bi Evdokia Hapimi Mtu

Binamu yangu Vihra alipoteuliwa kuwa mwalimu mkuu, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kufungua kabati la nguo na kukaa kitandani akilitazama. Kabati halikuwa tupu. Lilikuwa na sweta zilizoota vinundu kwapani, suruali alizonunua sokoni kwa sababu tu zilikuwa rahisi, na jaketi la zambarau ambalo mume wake alimsifia nalo mwaka ule ule aliomwacha.

Akanipigia simu. "Nevena, mimi ni mtu mzima, nimesomesha watoto wa watu miaka yote hii, na sijui kuvaa."

"Nani anajua? Wengine wanajua kujifanya tu."

"Basi nitafutie mtu wa kunifundisha kujifanya. Baada ya wiki mbili nasimama mbele ya wazazi."

Nikamtuma kwa Bi Evdokia. Mimi mwenyewe sikuwahi kuingia kwake, ila kwa msusi wangu wanawake walikuwa wanamtaja kwa sauti ya chini, kama watu wanaoficha daktari mzuri asije akajaa wagonjwa. Duka lake liko nyuma ya ukumbi wa maigizo hapa mjini Ruse, Bulgaria, chini ya nyumba ya zamani yenye nyuso za plasta juu ya madirisha, nyuso zilizokwisha kupoteza pua. Halina kibao. Unabisha kioo kwa ukucha.

Bi Evdokia alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka sabini na kitu, mwenye mikono mikubwa ya mfua chuma. Alimsimamisha Vihra katikati ya chumba, akamzunguka polepole, akasimama nyuma yake muda mrefu mpaka Vihra akahisi shingo inamsisimka.

"Hunipimi?"

"Simpimi mtu. Wewe simama."

Halafu akaanza kumfundisha, na mafundisho yake yalikuwa dhahabu. Alimpa Vihra kipande cha sufu, akamwambia akifumbate kwa nguvu kisha akiachie. "Kikibaki na makunyanzi, kirudishe kwa aliyekiuza." Aligeuza gauni ndani nje, akamwonyesha mshono. "Anayekuficha ya ndani anakudanganya na ya nje. Bitana isiyotulia itakusumbua mpaka unazeeka. Na nguo inayokuambia uvute tumbo, si nguo, ni mama mkwe." Vihra alicheka. Bi Evdokia hakucheka. Alikuwa akimtazama begani.

Wiki iliyofuata koti lilikuwa tayari. La sufu, kijivu, ukosi mwembamba uliosimama, vifungo vya pembe. Vihra alipoingiza mikono, lilimkaa kama maji yanavyokaa kwenye gilasi. Siku ya kikao, wazazi walinyamaza kabla hajawaomba. Hata Plamen, mwalimu wa michezo, ambaye mdomo wake haujawahi kumwacha mtu salama, alimtazama juu mpaka chini.

"Leo unamzika nani, Mwalimu Mkuu? Umependeza mno kwa watu walio hai."

"Endelea kuongea, nitakuzika wewe," Vihra akamjibu, na chumba cha walimu kizima kikacheka. Jioni aliniambia kwamba mwaka mmoja nyuma asingethubutu.

Akarudi kwa Bi Evdokia. Sketi, kisha blauzi mbili za kitani, kisha viatu vya kisigino kifupi. Kila safari ushauri ulizidi kuingia kwenye vitu vidogo vidogo. Sega nywele upande wa kulia. Mkoba uushike kwa mkono wa kushoto, juu, karibu na kiwiko. Siku moja Bi Evdokia alinyoosha vidole akamvua hereni, taratibu, akaziweka mezani.

"Hupendi hereni," akasema.

Vihra anapenda hereni tangu utoto. Lakini mama yule alisema kwa namna ya mtu anayekukumbusha jambo, si anayekushauri, na Vihra akazitia mfukoni akaenda zake.

Jambo la pili la ajabu nililiona mimi. Tulikuwa tunapanda ngazi za kwangu, yeye mbele.

"Umeumia nyonga?"

"Hapana. Kwa nini?"

"Unachechemea."

Akageuka kunitazama kama nimemtukana. Tukaendelea kupanda, naye akawa analazimisha mguu wa kushoto ukanyage sawa, na jinsi alivyoulazimisha ndivyo ulivyozidi kuburuta.

Kisha lile la mama yake. Shangazi Radka hukaa dirishani mchana kutwa, na hatua za binti yake anazijua kuliko kengele ya kanisa. Siku moja Vihra alisahau ufunguo, akabisha. Mlango ukafunguka upana wa mnyororo tu.

"Unamtafuta nani, mwanangu?"

"Mama, ni mimi."

"Wewe nani? Vihra hajarudi. Nilikuwa dirishani, sijamwona akipita." Na macho ya yule bibi, ambayo hayana ugonjwa wowote, yalikuwa makavu na ya adabu, kama ya mtu anayeongea na mgeni. Vihra alivua koti pale pale kwenye ngazi. Ndipo mama yake akashika mdomo, akafungua mnyororo. Walikula supu ya maharage, redio ikiongea peke yake.

Jumamosi, sokoni, kwenye mafungu ya pilipili za kuchoma, Vihra aliona mgongo wake mwenyewe ukitembea mbele yake. Koti lile, ukosi ule, mkoba umeshikwa juu karibu na kiwiko, mguu wa kushoto ukiburuta kidogo. Aliufuata mpaka yule mwanamke akageuka. Alikuwa Pavlina, daktari wa meno wa mtaa wa posta, mnene kidogo, mweupe, sura zao hazifanani hata kwa kulazimisha.

"Bi Evdokia?" Vihra akauliza.

"Bi Evdokia."

Wakacheka, maana wanawake wawili waliovaa sare bila kupanga hawana la kufanya ila kucheka. Kicheko kikawaishia kwa pamoja. Pavlina akamsogelea.

"Umeshaenda kwenye lile geti?"

"Geti gani?"

Pavlina alimtazama kidogo. "Kama hujaenda, basi," akasema, akaokota mfuko wake wa pilipili na kuondoka.

Ilikuwa Novemba, baada ya masomo, jua bado lipo. Vihra alikuwa anatembea kurudi nyumbani akiwaza bajeti ya makaa ya shule. Alipoinua macho, hakuwa kwenye njia ya nyumbani. Alikuwa kwenye kichochoro upande wa chini wa reli, karibu na mto Danubi kiasi cha kusikia harufu yake, mahali ambapo, anaapa, hajawahi kukanyaga. Mbele yake lilikuwapo geti la mbao la kijani. Mkono wake ulipita juu ya geti, ukashuka upande wa ndani, ukanyanyua komeo la chuma ambalo kwa nje halionekani, na wakati huo huo goti likasukuma ubao wa chini, pale palipokwama. Geti likafunguka bila mlio.

Alisimama akiutazama mkono wake.

Ndipo akaona tangazo la kifo lenye picha, kama yale tunayobandika sote kwenye milango na miti kuwakumbuka wafu wetu, lakini hili lilikuwa limefifia na juu yake kumebandikwa jingine, na jingine. *Liliana. Tunakukumbuka.* Sura ya kwenye picha Vihra hakuijua. Ukosi aliujua.

"Ingia, binti," sauti ikasema. "Upepo."

Mzee alikuwa amesimama kizingitini, amevaa sweta lenye viraka, birika mkononi. Hakuonekana kushangaa. Jina lake Spas, zamani alikuwa nahodha wa matishari, mashua za mizigo za mtoni.

"Samahani, mzee. Sijui nimefikaje."

"Wenzio pia hawakujua. Daktari wa meno alilia. Mwingine, mrefu, alikimbia akaacha kiatu." Akamvutia kiti. "Chai ya majani ya mlimani. Bado ya moto. Siku hizi huwa naiweka tayari."

Akamweleza bila kupamba. Liliana alikuwa mtoto wao wa pekee, yeye na Evdokia. Alianguka kutoka juu ya mti wa mlozi akiwa mdogo, nyonga ya kushoto haikupona sawasawa. Mama yake alimshonea kila alichovaa, akikata bega moja juu kidogo na jingine chini kidogo, mpaka mtu asiyemjua asingegundua kilema. Siku moja ya Machi Liliana alivaa koti lake la kijivu, akateremka mtoni, na mto ukamchukua. Kama aliteleza au alitaka, hakuna anayejua. Mwili haukupatikana.

"Mimi nikabandika tangazo," mzee akasema. "Evdokia akalichana. Akasema unamzikaje mtu ambaye hujamwona amelala? Kila nikibandika, anachana. Mwishowe akahamia dukani. Tangu hapo hajashika komeo lile."

"Lakini komeo nimelijuaje mimi, mzee?"

Spas alizungusha kikombe mkononi. "Mguu, sawa. Koti likikatwa kwa kilema, litakufundisha kilema, hata kiatu hufanya hivyo. Komeo sijui. Nimefikiri sana, binti, na sijui." Baadaye akaongeza, "Nikuombe. Ukitaka kuja, njoo. Lakini njoo na nguo zako. Kila mnapofungua lile geti, moyo wangu husimama, nami sina moyo mwingine."

Vihra alirudi nyumbani na blauzi tu mwilini, koti mkononi, meno yakigongana kwa baridi. Kesho yake alimpitia Pavlina, wakaenda pamoja dukani.

Bi Evdokia alikuwa akipinda pindo dirishani. Aliona makoti yamebebwa, hayakuvaliwa, na sindano ikasimama.

"Tumetoka kwa Mzee Spas," Vihra akasema.

"Bado anabandika vikaratasi vyake?"

"Bado."

"Mpumbavu." Alisema bila hasira. Akatazama nje, barabarani. "Mnajua naona nini hapa? Alasiri navuta pazia. Mmoja wenu anapita akitoka kazini. Akishanipita, akiwa amenipa mgongo, kwa hatua chache tu, ni yeye. Hajageuka, kwa hiyo ni yeye. Nimewadhuru nini? Mlikuja mmekunjamana kama matambara, nikawafanya watu wawatazame."

"Walimtazama yeye," Pavlina akasema. "Mume wangu ameniambia nimekuwa mzuri, na usiku hanishiki. Anasema ni kama kulala na mke wa mtu."

Vihra alikuwa amekuja na maneno makali, ameyapanga njiani. Yakamtoka kichwani. Alisogea mpaka katikati ya chumba, akasimama palepale aliposimamishwa siku ya kwanza.

"Nipime," akasema.

"Simpimi mtu."

"Najua. Nipime, mama."

Ilimchukua Bi Evdokia muda kuupata utepe wa kupimia. Ulikuwa chini ya droo, umekakamaa kwa kutotumika. Aliuweka begani kwa Vihra, akausoma, akausoma tena.

"Una mabega mapana," akasema.

"Ya baba yangu."

"Na yako sawa. Yote mawili." Akapitisha utepe kiunoni, kifuani, mkononi, na kila kipimo alikitaja kwa sauti iliyozidi kufifia, kama mtu anayeita majina ya watu asiowajua. Pini alizishikilia kwa midomo, machozi yakashuka yakapita kando ya pini. Hakuzitoa mpaka alipomaliza.

Gauni alilomshonea Vihra kwa vipimo vile lilikuwa baya. Mikono ilikuwa imesokotwa, kwapa lilibana. Fundi bingwa wa Ruse alikuwa amesahau kushonea mwili mwingine. Vihra alilivaa shuleni, Plamen akauliza gunia lile lilikuwa la viazi au la vitunguu, na nusura Vihra amkumbatie.

Makoti yalirudishwa moja moja, kila mmoja akimleta amjuaye. Bi Evdokia aliyafumua mwenyewe, mshono kwa mshono, mchana, dirishani, pazia likiwa wazi.

Kabla ya Pasaka, Vihra alikutana na Mzee Spas akinunua mayai ya kupaka rangi. Mzee akamvuta pembeni.

"Nani kati yenu bado anakuja?"

"Hakuna, mzee. Makoti yamefumuliwa yote."

Akayageuza mayai mkononi. "Jioni, jua likishuka kwenye reli, komeo linanyanyuliwa. Geti halisukumwi. Komeo linanyanyuliwa tu, kisha linashushwa taratibu, kama mtu anayejaribu kama bado ni lile lile."

"Unaogopa?"

"Mwanzoni. Sasa nalitia mafuta." Akamshika mkono. "Usimwambie Evdokia."

Vihra alimwambia Evdokia siku hiyo hiyo. Anasema yule mama alichomoa pasi, akachukua mkoba, akafunga duka, akashika njia ya kichochoro cha reli ambacho hakuwa amekikanyaga tangu alipohamia dukani.

Vihra bado anachechemea mvua ikikaribia. Alipigwa picha ya nyonga, daktari hakuona kitu. Hereni anavaa, kubwa kubwa.

Mimi nilipita kule mwezi uliopita kumpelekea mzee siki. Matangazo ya zamani yalikuwa yametolewa getini, na hakuna aliyebandika jipya. Walikuwa wamekaa barazani wote wawili, wamelielekea geti, vikombe vitatu mezani. Kimoja kilikuwa kimejaa, hakijaguswa. Bi Evdokia aliniangalia kuanzia kichwani hadi miguuni, na macho yake yakatua kwangu mimi, si nyuma yangu.

"Hiyo blauzi imekubana kwapa," akasema. "Ilete Jumanne nikupanulie."