Mtumiaji wa Tano

Mgongo wa Koki uligoma siku ya Jumanne, chini ya sinki la watu, na uligoma kwa sauti. Mwenye nyumba aliyekuwa amemshikia tochi alisema baadaye kwamba alidhani ni bomba limepasuka. Daktari alimwonyesha Koki picha ya uti wake, akamweleza kwa ule upole wa kutisha kwamba akiendelea kuinama miaka miwili mingine, hatainuka tena. Miaka arobaini na saba alikuwa nayo, na jina lenyewe alipewa na kazi, maana alikuwa fundi bomba ambaye koki korofi ikimwona tu inanyamaza.

Basi akajiandikisha chuo cha mtandaoni, miezi tisa, cheti cha kutengeneza tovuti kuanzia mbele mpaka nyuma. Kampuni moja ya kutunza majengo ilikuwa imeshamwambia: lete cheti, kiti kipo. Koki hakuuliza mengine. Alichosikia ni kiti, na kiti kina mahali pa kuegemea.

Mkewe, muuguzi, aliisoma fomu ya chuo akacheka mpaka akatafuta pa kukaa. "Samaki hukunjwa angali mbichi, mume wangu. Wewe ulishakauka na chumvi juu."

Lakini Koki alielewa masomo, na wa kwanza kushangaa alikuwa yeye. Mkufunzi aliposema tovuti ina upande wa mbele anaouona mteja, upande wa nyuma usioonekana, na mahali taarifa zinapotunzwa, Koki aliitikia kwa kichwa mbele ya kompyuta ya binti yake. Koki, mabomba, tenki. Wanafunzi wenzake wa miaka ishirini walilia na masomo hayo, yeye akawa anauliza tu maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi.

Kikafika kitu kinachoitwa kazi ya mwisho. Mwanafunzi atengeneze mfumo, utumiwe na watu watano mbali na yeye mwenyewe, kwa siku ishirini na moja, na ombi hata moja lisikwame. Mwishoni mtahini angemhoji kwa video mtumiaji mmoja, yule mwenye bidii kuliko wote. Ukianguka, cheti huna. Na Koki asipopata cheti, anarudi chini ya masinki.

Alitengeneza Mfumo wa Nyumba. Mtu akitaka kitu humo ndani, iwe bafu, rimoti au zamu ya jiko, anaandika ombi. Msimamizi anaidhinisha au anakataa, mhusika anatekeleza, kisha mwombaji anabonyeza Imekamilika. Watumiaji alikuwa nao wanne. Mkewe, binti yao, shemeji aliyekuja kusalimia wiki mbili mwaka juzi na bado yuko kwenye kochi, na Mama Mkwe, mama mzazi wa mkewe, mwenye chumba chake na bafu lake mwisho wa korido. Wa tano hakuonekana. Kinyozi wa mlango wa pili aliombwa, akasema mambo ya rimoti za watu hayamhusu.

"Mwandikishe Mzee," alisema Mama Mkwe.

Mzee alikuwa mumewe. Alikuwa amefariki miaka minne iliyopita, na picha yake ilitundikwa sebuleni, macho yakielekea kwenye televisheni. Koki angeweza kusema hapana. Mtu unaweza kubishana na daktari, hata na mgongo wako ukabishana nao kidogo, lakini mama mkwe akimtaja marehemu mumewe, jibu ni moja tu.

"Sawa, mama."

Tena kosa halikuishia hapo. Kwenye sehemu ya cheo, Koki alijaribu kumwandika baba mkwe wake Mtumiaji wa Kawaida, sawa na shemeji wa kwenye kochi. Kidole kilikataa. Heshima ilimjia mkononi yenyewe, akamwandika Msimamizi Mkuu. Na katika mfumo ule, kwa maringo ya mwanafunzi, alikuwa ameweka sharti kwamba Msimamizi Mkuu hafutwi na mtu yeyote isipokuwa kwa ridhaa yake mwenyewe.

Siku ya pili shemeji aliomba rimoti aangalie mpira. Jibu lilikuja kabla hajakaa vizuri. Imekataliwa. Mwanamume wa miaka thelathini na moja hushika kazi, hashiki rimoti.

Shemeji aliitazama simu, akaitazama picha ukutani, akainuka akaenda kuosha sahani yake.

Kila mtu alijua. Simu ya Mama Mkwe ilikuwa pale pale mapajani pake, bado ina joto. Lakini ukimuuliza, alishangaa kama mtoto. "Mimi simu nimeijulia wapi? Hayo ni ya Mzee."

Nyumba ikatawaliwa na marehemu, na sijui niseme nini, ilinyooka. Binti akawa anarudi jua likiwa bado juu. Shemeji alipata kibarua kwenye ghala la vigae na siku ya tisa akaonekana amekunja shuka zake. Mkewe Koki aliomba kubadilisha mapazia, akajibiwa: Imekataliwa. Hayo niliyachagua mimi. Yule muuguzi, aliyekuwepo Mzee alipokata roho na kuandika saa kwa mkono wake mwenyewe, aliandika chini yake, Sawa baba. Hata Koki alipoomba kompyuta ya binti kwa saa tatu, aliambiwa Imeidhinishwa, lakini kaa wima.

Siku ya ishirini chuo kilituma barua. Mtumiaji mwenye bidii kuliko wote, atakayehojiwa kesho saa nne asubuhi, ni Mzee. Ameingia kwenye mfumo mara mia mbili na kumi na nne. Chini, kwa herufi nene, walikumbusha kwamba kuandikisha mtu asiyekuwepo ni udanganyifu, na adhabu yake ni kufukuzwa.

"Maji ukiyavulia nguo, yaoge," alisema mkewe, akaenda zamu.

Saa nne kasoro dakika moja Mama Mkwe aliingia sebuleni amevaa koti la Mzee na miwani ya Mzee.

"Mama, tafadhali. Hapana."

"Wamemtaka mtumiaji. Amekuja kwa uwezo wake." Akakaa.

Mtahini alitokea kwenye kioo cha kompyuta, mtu wa makamo mwenye vipokea sauti vikubwa na fomu ndefu. Alimwamkia bibi kwa adabu, akaitikiwa marahaba. "Mtumiaji yupo?"

"Yupo," alisema Koki, jasho likimtiririka. "Kwa namna fulani."

"Amefariki," alisema Mama Mkwe.

Koki alifumba macho. Aliliona sinki la kwanza la maisha yake mapya, na kutu yake yote.

"Poleni sana," alisema mtahini, akafunua fomu. "Alifariki kabla ya kuanza kutumia mfumo, au baada?"

"Kabla."

"Hapa hakuna pa kujaza hivyo." Alipekua kurasa mbili. "Basi tuendelee. Aliweza kuingia bila msaada?"

"Kila siku, kabla ya chai."

"Alipata ugumu wowote kutokana na umri, macho au hali nyingine?"

"Hali nyingine anayo. Ugumu hakupata."

Mtahini alitia alama ya vema. Akauliza kama maandishi yalisomeka na rangi zilipendeza. Zilipendeza. Koki akaanza kupumua, na hapo hapo mtahini akakunja uso.

"Kuna ombi limekwama. Lile la kwanza kabisa. Si la marehemu, ni la mtumiaji anayeitwa Mama." Akasoma. "Bomba la bafuni kwangu linadondosha maji. Naomba fundi. Limeidhinishwa siku hiyo hiyo. Halijatekelezwa."

Hapo ndipo Koki alipolisikia tone. Lilitoka mwisho wa korido, likatua, likafuatwa na jingine. Mganga hajigangi, watu husema wakacheka. Koki hakuweza kucheka. Aibu ilimshuka kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia kabla ya mgongo. Nilikuambia baada ya mgongo. Ukasema sawa, mama. Nikaandika humo kama ulivyotufundisha, Mzee akaidhinisha. Aliyekuwa hapatikani ni fundi."

"Ombi lililokwama ni kuanguka," alisema mtahini. "Ila mtihani unakwisha saa tano. Zimebaki dakika thelathini na nne. Na mtahiniwa haruhusiwi kutoka kwenye kamera."

Kwa hiyo kompyuta ilibebwa mpaka bafuni, ikawekwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Koki alichomoa sanduku la spana chini ya kitanda, aliloapa halitatoka tena humo, akalala chali chini ya sinki la mama mkwe wake. Mgongo ukamkumbusha yote waliyokubaliana. Mama Mkwe, ndani ya koti la marehemu, akamshikia tochi.

"Tutumie muda vizuri," alisema mtahini kutoka kwenye ndoo. "Eleza uhusiano wa upande wa mbele na upande wa nyuma."

Koki alikuwa na spana mkononi na maji usoni. "Mtu akifungua koki anataka maji," alisema. "Bomba halijui, tenki halijui. Akikosa maji anaipiga koki makofi, na koki haina kosa. Sasa wewe fundi, ukikaa huko nyuma ukaona tenki limejaa, unasema mambo safi. Hujui kama yule wa mbele amepata hata tone." Akavuta mpira uliochakaa ndani ya koki, mweusi, umelika upande mmoja. "Mimi nilipanga ombi likishaidhinishwa liondoke machoni pangu. Siku ishirini na moja nimeangalia ukurasa mtupu, nikajisifu. Kumbe mama wa watu hapati usingizi." Akapangusa uso, akasingizia maji.

Mtahini aliandika kwa muda mrefu.

Mpira mpya uliingia, koki ikafungwa. Walisikiliza wote watatu. Hapakuwa na tone.

"Bonyeza Imekamilika, mama," alisema Koki kutoka sakafuni, maana kuinuka kulikuwa kumeshindikana.

Mama Mkwe aliishika simu, akaigeuzageuza. Nenosiri lake mwenyewe alikuwa amelisahau. Hakuwa amelitumia tangu ile siku ya kwanza. Na mtu akisahau nenosiri, mfumo wa Koki hupeleka ombi kwa Msimamizi Mkuu. Zilikuwa zimebaki dakika tatu. Bibi alirekebisha miwani ya Mzee puani, akaingia upande wa marehemu, akajiidhinishia, akatoka, akaingia kama yeye, akabonyeza.

Koki alipata sabini na moja kwa mia. Mkewe alimkuta pale pale bafuni alipotoka zamu, akamwinua kama wanavyoinua wagonjwa. Maoni ya mtahini yalikuwa mstari mmoja: mfumo ni mzuri, ila mtumiaji mmoja ana mamlaka kupita kiasi.

Cheti kilipofika, Koki aliona ni adabu kusafisha kazi yake. Walikuwa mezani wanakunywa chai, yeye na Mama Mkwe peke yao. Akaandika kwenye mfumo: Baba, shikamoo. Cheti nimepata. Naomba ridhaa nikufute, upumzike.

Simu ililia mapajani kwa Mama Mkwe. Aliisoma taratibu, kisha akaandika kwa kidole kimoja, mbele ya macho ya Koki, wala hakujificha.

Marahaba. Imekataliwa. Mimi nimeshapumzika. Nikiondoka, mama yenu mtamsikia kwa nani?

Koki alisoma mara mbili. Akaifunga kompyuta, akaisogeza pembeni, akamtazama yule mama uso kwa uso.

"Mama, una ombi lolote?"

"La nani? Langu au la Mzee?"

"Lako."

Bibi alikisogeza kikombe pembeni. Aliiweka simu mezani, akaitazama picha ya sebuleni, akayatazama mapazia. Chai yake ikapoa.

"Ngoja kwanza, mwanangu," alisema. "Sikujiandaa."

Koki akaegemea kiti, akangoja.