Kashipawa ya Mukasine

Jumatatu walikuja wanaume wawili na ndoo ya rangi nyekundu, wakapiga alama kwenye ukuta wangu wa mbele. Ukuta utavunjwa Ijumaa, wakasema, mfereji wa maji ya mvua unapita hapo. Hawakuniuliza hata jina. Na kwenye ukuta ule ndiko ilikokaa kashipawa, mita yetu ya umeme, ile unayoiingizia namba ulizonunua ndipo moto uje. Nikawauliza, na mita je? Wakasema hiyo si kazi yao, nimwone Gitifu.

Ingekuwa shida ni taa tu, ningekaa gizani nikanyamaza. Lakini chumbani mashine ya kutotolea ilikuwa na mayai mia na themanini, siku ya kumi na nne. Kifaranga hutoka siku ya ishirini na moja, yaani Jumatatu ya pili yake. Mashine ni ya marehemu mke wangu, Mukasine. Tangu afe, miaka miwili, sikuwa nimeiwasha. Mimi nilikuwa seremala hapa Gisozi, pale Agakiriro, kwenye karakana za mbao, mpaka mgongo ukakataa. Wanawake wa kikundi chake wakanihurumia, wakaniletea mayai ya kuku wao, watanipa changu kwa kila kifaranga. Haya yakioza hakuna atakayeniletea mengine, na kazi nyingine sina.

Gitifu ndiye mkuu wa seli, serikali ya mtaa wetu; jina lake Mugenzi, mtu wa suti. Jioni ile alitukusanya akatuambia kila mtu ahamishe mita yake kwa gharama yake, kabla ya Ijumaa. Asiyehamisha, waya wake utakatwa kwenye nguzo. Wakubwa ndivyo walivyo. Mfereji ni wao, ukuta ni wangu, na gharama tena ni yangu. Jirani yangu Ndihokubwayo, ambaye mita yake iko nyuma ya nyumba, akacheka mbele za watu: "Muzehe, vifaranga vyako vitazaliwa Busanza, kule wanakopeleka watu waliovunjiwa."

Watu walicheka. Mimi nilikuwa nahesabu siku.

Jumanne nilitafuta fundi wa kunipimia waya. Jumatano nikaenda ofisi ya umeme. Nilipanga mstari tangu asubuhi mpaka saa saba, nikafika kwa dada mmoja aliyevaa kitambulisho shingoni, Kayitesi. Akachukua namba ya mita, akaandika kwenye mashine yake, akasema mita si yangu. Ni ya Mukasine. Aje mwenyewe. Nikamwambia amekufa. Akaangalia tena.

"Muzehe, huyu mama iko hai," akasema. "Hapa iko hai kabisa."

"Nimemzika mimi."

"Uliripoti?"

Siku ya mazishi Gitifu Mugenzi alikuja. Alisimama kwenye kaburi na karatasi mkononi, akamtaja Mukasine jina lake lote, akasema seli imepoteza mama mchapakazi. Mkuu wa kijiji naye alikuwepo. Mimi sikusoma sana. Nilijua serikali imekuja, imeona jeneza, imesema kwa kinywa chake. Nikaripoti kwa nani tena?

Kayitesi alinieleza njia mbili. Ya kwanza, niandikishe kifo, warithi wakae, wasaini, mita ibadilishwe jina, ndipo niombe kuihamisha. Hiyo ni wiki nyingi. Ya pili, mwenye mita akubali kwa simu. Wanatuma namba ya siri kwenye simu aliyoandikisha, anaisoma, basi. Akaniuliza, kwa sauti ya chini kidogo, kama simu ya mama bado inaingia.

Nilitoka nikapanda pikipiki moja kwa moja mpaka kwa Gitifu. Nilitaka karatasi moja tu, aandike kwamba Mukasine alikufa na yeye aliona. Akaniambia hawezi kuandika jambo ambalo ofisi yake haina. Nikamwambia, wewe ulikuwepo. Ulihutubia.

"Mzee Twagirayezu," akasema, "nilikuja kama jirani. Sikuja kama ofisi."

Niliiangalia ile suti. Ilikuwa ni ile ile ya mazishini.

Nilirudi nyumbani nikageuza mayai, moja moja, kama Mukasine alivyonifundisha. Nililiweka moja kwenye mwanga wa tochi. Ndani kulikuwa na kitu cheusi, kikashtuka, kikasogea. Nikafungua droo nikatoa simu yake. Sikuwahi kuizima. Namba za umeme huingia humo, na kila zikiingia jina lake linatangulia.

Alhamisi nikauza matetea yangu sita kwa bei ya kutupa, kwa ajili ya malipo ya ofisi na waya mrefu, maana waya nao wanakuambia ununue mwenyewe. Nikasimama tena mbele ya Kayitesi.

"Mama anakubali?" akauliza.

"Anakubali. Yuko nyumbani, anaangalia mayai."

Akabonyeza. Simu ikalia ndani ya mfuko wa shati langu. Kayitesi aliangalia mfuko, kisha mimi, muda mrefu. Niliitoa, nikasoma namba sita kwa sauti, kidole chini ya kila moja. Akaziandika.

"Fundi atakuja kesho," akasema. "Mwambie mama asizime simu. Kazi ikiisha itatumwa namba nyingine. Bila hiyo mita haifunguki."

Ijumaa tingatinga lilifika saa mbili. Fundi wa umeme, Valens, akafika saa nne. Tayari walikuwa wamevunja ukuta wa jirani wa chini, na vumbi limejaa mdomoni. Dereva wa tingatinga akazima injini akasema anampa Valens saa moja, zaidi ya hapo anasukuma.

Valens akakata moto. Niliifunika mashine kwa blanketi mbili na vitenge vya Mukasine, nikaweka madumu ya maji ya moto pande zote. Yeye ndivyo alivyofanya umeme ukikatika. Kipimo kilisema thelathini na saba na nusu. Baada ya nusu saa, thelathini na sita. Valens alikuwa anatoboa ukuta wa nyumba, anapima, anatoboa tena. Maji yakapoa, nikachemsha mengine kwenye mkaa, mgongo unaniuma mpaka machozi. Thelathini na tano. Dereva akapiga honi.

Kisha Valens akaingia mlangoni akijifuta mikono.

"Nimeshafunga. Nataka namba kutoka kwa mama. Yuko wapi?"

Thelathini na nne. Nilikuwa nimepiga magoti kando ya mashine, mkono mmoja juu ya blanketi. Simu ikatikisika mfukoni. Valens aliisikia. Akaona vitenge, akaona picha ukutani yenye utepe mweusi na mwaka chini yake.

"Yuko hapa," nikasema, nikamsomea.

Aliziandika kwenye simu yake ya kazi bila kuinua macho. Alipofika namba ya mwisho taa ndogo ya mashine ikawaka, feni ikaanza kuzunguka. Valens akaniuliza mayai yana siku ngapi. Kumi na nane, nikamwambia. Akasema asiifunue kwanza mtu, akabeba ngazi yake akaenda. Nje ukuta ukaanguka mara moja tu, wote.

Jumatatu vilitoka vifaranga mia na kumi na moja. Wanawake wa kikundi walikuja na maboksi, wakavigawana sakafuni. Wale waliopata vichache walinung'unika, lakini wakasema wataleta mayai mengine.

Jumanne nikaenda kwa Gitifu Mugenzi. Nikaweka simu ya Mukasine juu ya meza yake, nikasema nimekuja kuandikisha kifo, na safari hii nimekuja ofisini. Akatoa fomu. Akasema kuna faini ya kuchelewa, na kwamba nimekosea sana kukaa kimya miaka miwili. Nikasema andika. Akauliza tarehe aliyokufa.

"Mazishi yalikuwa siku mbili baadaye," nikamwambia. "Angalia ile karatasi uliyoisoma kaburini, tarehe iko juu."

Akashika kalamu, asiandike. Mimi nilivuta kiti nikakaa. Siku hiyo sikuwa na mayai ya kugeuza.