Pumzi ya Mzee Silvano

Ihumwa nzima hakuna aliyeijua mashine ya dizeli kama mimi. Haya, niseme kweli: niliijua kwa kukaa foleni nje, kikapu cha uwele kichwani, nikiisikiliza ikikohoa. Aliyeijua ni Silvano, mzee wa kanisa, mwendeshaji wa mashine ya kusaga ya Harshad. Na asubuhi ile ilikohoa mara tatu, ikamfia mikononi.

Ilikuwa miaka ya vita vya Wazungu. Dizeli ilitolewa kwa kibali, tena kidogo. Harshad alikuwa amesikia kwamba pombe kali yaweza kuiongeza, chupa moja kwa debe, ikikorogwa vizuri. Basi akawa ananunua kwa siri moshi, ile gongo aliyoipika Zipora, mjane wa kaka yake Silvano. Mwaka ule wa njaa, moshi huo ndio uliolisha watoto wake wanne.

Kuumimina ikawa kazi ya Silvano, yeye aliyeukemea kila Jumapili. Alikoroga kwa mwiko, uso kaugeuzia ukutani kama mtu anayeosha maiti. Wiki ya kwanza mashine ilisaga. Wiki ya pili Silvano akaanza kutafuna karafuu. Tukasema, masikini, meno.

Sasa Harshad alifungua koki chini ya tangi, akakinga kidogo kwenye kifuniko, akatia njiti ya kiberiti inayowaka. Njiti ikafa.

"Maji," alisema. "Silvano, ulitia chupa nzima?"

Silvano alikuwa akifuta kwa kitambaa mahali palipokwisha takata.

"Nzima, bwana. Labda aliyepika ndiye aliyeongeza maji."

Foleni nzima tulitazama miguu yetu. Nami nilitazama yangu.

Zipora, aliyekuwa nyuma yangu, akatua kikapu chake taratibu. Aliomba chupa ambayo haijafunguliwa, akamwaga tone kwenye jiwe, akaliwasha. Likawaka buluu, safi. Hakumtukana mtu. Akawasha njiti nyingine, akaisogeza hadi mdomoni mwa Silvano.

"Shemeji," alisema kwa upole, "nizimie njiti hii. Puliza."

Silvano alibana midomo. Jasho lilimtiririka nyuma ya masikio. Moto ulishuka polepole kwenye njiti kuelekea vidole vya Zipora, naye hakuiachia. Nasi tukangoja, uwele vichwani.