Waya Juu ya Mpera

Nyuki. Ndio niliowasikia kwanza, kabla kioo cha laptop hakijawaka sawasawa: mvumo mzito wa nyuki waliofungiwa ndani ya debe, ukiingia masikio yote mawili kupitia hedifoni.

Halafu kioo kikawaka, nikaona rangi zikishuka kutoka juu kama mvua dirishani. Hiyo ndiyo redio niliyonunua. Haina spika, haina kitufe cha kuzungusha, haina hata mkono wa kushikia. Ni kidude cheusi kinacholingana na kidole gumba. Unakichomeka ubavuni mwa laptop, upande wa pili unakifunga waya wa antena, na kazi yote iliyobaki inafanywa na programu. Masafa unayaona kwa macho. Kila kituo ni mstari wa njano uliosimama katikati ya buluu, ukiubonyeza unasema.

Mimi sikuona mstari wowote. Niliona njano tupu, kutoka ukingo hadi ukingo, na nyuki.

Ilikuwa Alhamisi, saa moja na robo jioni. Nilikuwa na siku mbili tu, hiyo na Ijumaa, kumsikia dada yangu.

Dada yangu Najiat ni mtangazaji. Husoma habari kwa Kiswahili katika idhaa ya nchi moja ya baridi, nusu saa kila jioni kuanzia saa moja na nusu kwa saa zetu, kwenye masafa mafupi. Alipoondoka, mama yetu alikuwa ameanza kuugua. Nilimuuguza peke yangu miezi kumi na minne. Nilimwogesha, nilimnywesha uji, nilimsomea mashairi yangu. Kwa kuandika mabango ya maduka ndivyo ninavyopata riziki, na maneno ya nyuma ya bajaji. Ukiona bajaji inapita Kanyenye, mtaani kwetu hapa Tabora, ina maneno yenye vina, usiulize ni ya nani. Ushairi sikufundishwa na mtu. Nilihesabu mizani kwa vidole mpaka ikanitii.

Lakini mama, ikifika saa moja na nusu, alikuwa akiniwekea kiganja mdomoni, polepole, na kusema, "Nifungulie redio, baba." Nikafungua. Akageukia ukutani ilipokaa redio yake ya betri nne, na uso wake ukachangamka. Beti zangu zote hazikupata kumletea uso ule.

Alifariki alfajiri, tukamzika alasiri. Najiat hakuwahi. Hakuna ndege ambayo ingemuwahisha, na hilo nililijua siku ile ile. Hata hivyo siku ya arobaini, watu wamejaa uani, simu yangu ikaita, na ni yeye. Sikupokea. Nilisimama nikasoma ubeti niliouandaa kwa siku tatu:

Mwenda zake na aende, nyumba ina mwenye nyumba,
Wa mbali tusimpende, sauti haina kamba.

Kisha nikaapa. Wallahi, sauti ya Najiat haitaingia tena katika simu yangu. Nikaichukua redio ya mama nikaipiga sakafuni. Uani pakawa kimya, nami nikadhani wamenyamaza kwa uzuri wa ubeti.

Miaka miwili sasa. Nyumba ina vyumba vitano, nami nalala katika kimoja. Jioni sauti pekee niisikiayo ni ya bati likipoa. Najiat hupigia majirani, huwauliza hali zao, na wakiniona nakuja hubadilisha mazungumzo. Nikawa nimezoea, au nilijiambia hivyo, mpaka siku moja nilipokuwa naandika neno "Sauti" kwenye bango la duka la muziki, mkono ukakataa kumaliza. Nikashuka kwenye ngazi nikakaa chini.

Hapo ndipo wazo liliponijia. Kiapo changu kilitaja simu. Redio sikuitaja.

Redio za maduka ya hapa zilizobaki zilishika FM tu. Yaqoub, fundi simu wa karibu na stendi ya mabasi, ndiye aliyenionyesha kile kidude katika simu yake, ndiye aliyeniagizia kutoka Dar es Salaam, na ndiye aliyeniuzia laptop kuukuu ya kukiendeshea. Jumatano kilifika na basi, kimefungwa kwenye boksi la dawa ya meno. Yaqoub alikigeuza mkononi akacheka.

"Malenga, umepigwa. Redio gani hii? Hata mdomo haina."

"Hujui unachokishika."

"Najua ninachokishika. Sijui unachokitafuta." Akaacha kucheka. "Ila harakisha. Ijumaa ile idhaa inafunga masafa mafupi. Kuanzia Jumamosi ni mtandaoni tu. Dada yako ameandika mwenyewe."

Nilijifanya sijasikia. Mtandaoni maana yake ni kwenye simu, au ni karibu mno na simu, na mimi nilikuwa nimekikwepa kiapo changu kwa upenyo mwembamba kama uzi. Sikuthubutu kuupanua.

Jioni hiyo hiyo alikuja kunisaidia kutandaza waya. Programu yenyewe ilitushinda mara mbili. Laptop ilikikana kidude kama mtu anayemkana mdai wake, mpaka Yaqoub akaona tumepakia ya toleo jingine. Antena ilitaka urefu. Tukafunga ncha moja kwenye boriti ya paa letu, tukavuta waya mita kumi na tano juu ya ukuta hadi uani kwa jirani yangu, Bibi Mwanahawa, tukaufunga kwenye mpera wake. Bibi Mwanahawa alitutazama akiwa ameshika sufuria ya ubuyu, hakuuliza kitu. Yaqoub, akiwa juu ya mpera, alisema, "Wewe si ndiye uliyesema sauti haina kamba?"

"Shuka uende zako," nikamwambia.

Basi Alhamisi nikakaa mbele ya kioo, nikakuta nyuki. Nilikuwa nimesoma kwamba masafa mafupi huharibiwa na vyombo vya umeme vya karibu: friji, taa, chaja mbovu. Nikajua papo hapo ni nani. Bibi Mwanahawa ana friji kubwa analogandishia barafu za ubuyu, na linavuma tangu nikiwa shule ya msingi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Sitaki kitu. Friji lako linanipigia kelele kwenye redio."

"Friji langu halijawahi kutoka nje ya mlango huu."

"Kelele yake inatoka."

Akaingia ndani akachomoa. "Nenda kasikilize. Barafu zangu zikiyeyuka utazinunua zote, uzinywe wewe mwenyewe."

Nilikwenda. Nyuki. Nikarudi, nikamwambia labda ni taa. Akazima taa. Labda televisheni. Akazima televisheni, akabaki gizani kwa ajili yangu, bibi wa miaka sabini. Nikaenda tena. Nyuki. Saa moja na nusu ilikuwa imeshapita. Nilitoka kumwendea mara ya nne nikiwa na maneno makali tayari mdomoni, kwamba kuna kitu amekificha, nikamkuta ameshasimama mlangoni kwangu na tochi.

"Mimi nimechomoa kila kitu," alisema. "Wewe umechomoa nini?"

"Mimi nina nini cha kuchomoa?"

Akamulika chini ya meza. Palikuwa na chaja ya laptop, ile aliyoniuzia Yaqoub, imefungwa kwa utepe wa gundi mahali pawili. Nilitaka kumweleza kwamba hajui mambo haya. Badala yake nikainama nikaichomoa.

Nyuki wakanyamaza. Njano ikayeyuka yote, ikabaki buluu, na katikati ya buluu mistari mitatu imesimama wima.

"Nyuki wako wamo ndani ya mzinga wako," alisema Bibi Mwanahawa. Hakusema kwa ushindi.

Nilibonyeza mstari wa kati. Najiat alikuwa anasoma habari za bei ya mahindi. Sauti ilikuwa inapanda na kushuka, ikienda mbali na kurudi, lakini ilikuwa yake, na ile tabia yake ya kuvuta pumzi kidogo kabla ya tarakimu. Sijui uso wangu ulikuwaje. Nilipogeuka Bibi Mwanahawa alikuwa ameshaondoka, na tochi yake ilikuwa inavuka uani.

Dakika kumi na nane baadaye laptop ikazima. Betri yake ilikuwa imechoka kama mwenye nayo.

Asubuhi nilikwenda kwa Yaqoub. "Betri nyingine?" alisema. "Nikiagiza leo, Jumatatu."

"Jumatatu haina maana."

"Basi tumia chaja uvumilie kelele. Au tumia simu kama binadamu wengine."

Nilirudi nyumbani. Ijumaa ile nilichaji laptop mchana kutwa, nikaiacha imezimwa, nikasali magharibi msikitini, nikarudi kukaa mbele yake kama mtu anayesubiri matokeo ya hospitali. Mbele ya nyumba yetu ndipo ilipopita njia ya misafara ya zamani, ya kwenda Ujiji. Babu alisimulia kwamba watu wa nyumba hii walizoea kungoja habari ya ndugu kutoka pwani kwa miezi sita, na huenda ikaja ya msiba. Nilijiambia, wewe unangoja dakika chache tu, tulia.

Mtu mwenye akili angehesabu. Matangazo ni dakika thelathini, betri ni dakika kumi na nane. Habari utazipata popote, subiri saa moja na dakika arobaini na tano ndipo uwashe, uipate sehemu ya mwisho anapoaga. Nilihesabu hivyo. Nilikuwa na hesabu yote kichwani. Na saa moja na nusu ilipofika mkono wangu ukawasha.

Alisoma habari. Alisoma vita, akasoma mafuriko, akasoma mpira. Sikusikia neno lolote katika hayo. Nilikuwa namsikia yeye tu. Nilimkumbuka akinifundisha kufunga kamba za viatu katika baraza ya nyumba hii hii. Niliona alama ya betri ikigeuka nyekundu nikaitazama kama mtu anayetazama maji yakipanda mlangoni. Nikichomeka chaja, nyuki watamfunika. Nisipochomeka, nitamkosa. Nikaacha. Nilisema moyoni, labda itastahimili.

Kisha akaweka karatasi chini. Nilisikia mchakacho wake. Sauti ikabadilika, ikawa ya nyumbani.

"Leo ni mara ya mwisho kusikika kwenye masafa haya," alisema. "Mama yangu alikuwa akinisikiliza kwa masafa haya, kule Tabora, akiwa kitandani. Na kuna mtu aliyekuwa akimfungulia redio kila jioni. Sikupata kumshukuru. Nataka nimwambie kwamba..."

Kioo kikawa cheusi.

Nilichomeka chaja. Laptop ilichukua dakika nne kuamka. Nyuki. Nikaichomoa, ikazima tena. Nikachomeka. Nyuki, na chini yao, mbali, kitu kama wimbo wa kufungia, halafu hata hicho kikaisha. Niliendelea kukaa na hedifoni masikioni. Bati lilikuwa linapoa, na kwa mara ya kwanza tangu mama afariki nililia bila kutafuta maneno ya kukieleza kilio.

Nilipotoka nje, Bibi Mwanahawa alikuwa barazani kwake, simu mapajani, na wanawake wawili wa mtaani wakimaliza kununua barafu. Nikamwamkia. Akaitikia, nikaketi kando yake.

"Umesikia?" aliniuliza.

"Nimesikia mpaka mahali."

"Mahali gani?"

"Alipotaka kuniambia kitu."

"Aa," alisema, akaitazama simu yake. Nikajua yeye amesikia hadi mwisho kwa simu, na wale wanawake nao, maana hawakunitazama usoni.

"Alisema nini, bibi?"

"Si langu kulisema."

"Basi nipe simu yako nimpigie. Kiapo changu ni cha simu yangu. Hiyo si yangu."

Aliichukua simu akaitia chini ya paja. "Mungu umemzunguka kwa waya, umeufunga kwenye mpera wangu, nikanyamaza. Sasa unataka kumzunguka kwa simu ya mjane?"

Nikaurudisha mkono niliokuwa nimeunyoosha.

"Madrasa ulikwenda kufanya nini?" aliendelea. "Kiapo kikivunjwa kina kafara. Kulisha maskini kumi, chakula kile unachokula wewe."

"Nitafunga siku tatu."

"Kufunga ni kwa asiyeweza kulisha. Aliyenunua redio isiyo na mdomo anaweza."

Mmoja wa wale wanawake alicheka, akajiziba kwa mtandio.

"Sawa, bibi," nilisema kwa sauti ya chini. "Nitalisha."

"Sikusikii. Siku ile uliapa umesimama, mtaa mzima ukasikia. Simama."

Nilisimama. Nilitafuta vina, kwa mazoea tu, na havikuja. Juu yetu waya ulikuwa bado umevutwa kutoka paa letu hadi kwenye mpera wake, hauna kazi tena. Nikasema kwa sauti ile niliyoapia:

"Kesho baada ya adhuhuri nitalisha watu kumi uani kwetu, bibi, na wewe utakuwepo kuwahesabu. Kisha nitampigia Najiat kwa simu yangu mwenyewe, nimwombe radhi, nimwambie redio iliniishia kabla hajamaliza, naye amalizie."