Pikipiki Iliyopona Kila Ilipofika kwa Fundi

Mimi ni mtu wa hasira, wala sioni haya kusema. Mwaka wa themanini na moja, hasira hizo karibu zininyang'anye kazi niliyoipenda kuliko zote: kupeleka dawa kwa pikipiki kutoka bohari ya Eneo la Viwanda hadi zahanati za mitaani. Pikipiki ilikuwa imeanza kuzimika. Naenda zangu vizuri, mara stima inakatika yote, taa, honi na injini, kisha nikiisukuma hatua ishirini inawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Wiki moja ilizimika mara saba. Wiki iliyofuata ilitulia kabisa hadi Ijumaa, ikaniacha kwenye mvua na dawa za watoto mgongoni. Bwana Wanyoike, mkubwa wangu, akaniambia ikizimika tena Jumatatu nitarudi kubeba makasha, na pikipiki atapewa mwingine.

Nilikuwa nimeshapita kwa mafundi watatu. Wa kwanza alibadilisha betri, wa pili plagi. Wa tatu, Kiilu wa pale kwetu Umoja, alishinda nayo kutwa akizunguka mtaa, akanirudishia akisema haina ugonjwa. Nilimwita mwongo mbele ya wateja wake. Kwangu mafundi wote walikuwa wale wale, watu wa kula kwa shida za wenzao.

Jumamosi asubuhi Lydiah, mke wangu, akachoka kunisikia nikilalamika, akanituma mtaa wa Jericho kwa mtu aitwaye Javan Andati. Siku za wiki Andati alitengeneza mashine katika kiwanda cha nguo, na Jumamosi alikaa nyuma ya soko na sanduku lake la spana. Nikampa ufunguo wa pikipiki na kuanza kufoka. Akaniacha nimalize.

Hakushika hata spana moja. Aliniuliza ikizimika huwa nimetoka wapi, nimebeba nini, barabara ikoje. Nikamwambia kwenye lami ni mara chache, kwenye mashimo ya Umoja ndiko huniaibisha. Akauliza kama iliwahi kuzimika mikononi mwa fundi. Nikasema haijawahi, na ndiyo maana nawaona waongo. Hapo akachuchumaa, akapitisha kidole chini ya swichi ya ufunguo, mahali ambapo rangi ilikuwa imekwaruzika.

"Huu ufunguo huwa unatembea peke yake?" akauliza.

Nikamjibu kwa ukali kwamba funguo zangu zingine hazimhusu. Zilikuwa mfukoni, funguo kumi na moja kwenye pete moja nene ya chuma: wa nyumba, wa geti, za vyumba viwili nilivyoongeza nyuma nikapangisha, wa bomba la maji, wa stoo ya kanisa, na nyingine za kufuli nilizokwisha sahau. Siku hizo mwanamume wa Umoja aliyejenga alipenda funguo zake zisikike akipita, nami nilipenda kuliko wengi. Ila kila nilipomwachia fundi pikipiki nilichomoa ule mmoja nikampa, shada nikabaki nalo. Nani angeniambia hatakwenda kuzichongea nakala?

"Mzee, hii umeniletea si ile unaendesha," Andati akasema. "Nipatie zote."

Kumpa mtu nisiyemjua shada lile ilikuwa sawa na kumwonyesha mahali ninapoficha pesa. Nilisita. Kisha nikaiona Jumatatu, nikajiona na kasha begani, nikampa.

Alirudisha ufunguo kwenye pete, akawasha, akaondoka na nyumba yangu yote ikining'inia kwenye swichi. Kwenye shimo la tatu pikipiki ikazima. Akarudi akiisukuma, ametabasamu, akaniambia niliinue shada kwa mkono. Nikaliinua, taa ikawaka. Nikaliachilia, ikazima. Wiki tano za mateso, na mtu huyu alikuwa amepata chanzo chake kwa nusu saa bila kulegeza skrubu. Hasira iliniishia papo hapo.

Ndipo akaifungua swichi. Vishaba vya ndani, vinavyopitisha stima, vilikuwa vimelika kwa kuvutwa na uzito ule kila siku. Akatoa swichi nyingine nzima kwenye mkebe wake, akaifunga, akanionya kwamba ufunguo wa pikipiki ukae peke yake. Nikamuuliza kwa nini wale watatu walishindwa.

"Hawakushindwa," akasema, macho kwenye waya. "Wewe ndiye ulikuwa unaondoka na ugonjwa kwa mfuko."

Jumatatu nilipeleka dawa zahanati kumi na mbili, hadi mtaa wa Lucky Summer, na sikukwepa shimo hata moja. Haikuzima. Bwana Wanyoike alinipokea mlangoni, akatazama saa, akaniandika kwenye safari za Jumanne.

Nikaenda moja kwa moja kwa Kiilu. Alikuwa na wateja wanne. Nilisema mbele yao wote kwamba hakuwa mwongo, nikaeleza kile Andati alichogundua na kosa lilikuwa la nani. Nilingoja anitukane, maana nilistahili. Kiilu akafuta mikono polepole, akaketi juu ya tairi.

"Alijuaje?" akauliza, na wateja wote wakasogea wasikie.