Injinia Rogath

Ofisini kwetu Same tuko watatu tunaochora ramani za nyumba: Mama Faustina mwenye ofisi, mimi, na Irene, binti aliyetoka chuo juzi, bado yuko kwenye miezi mitatu ya majaribio. Injinia ni Mama peke yake. Mimi kuchora nimejifunzia kazini, ingawa nikipanda milimani kijijini kwetu Bombo wananiita injinia, na sijawahi kumsahihisha mtu.

Jumamosi Mama alihuisha leseni ya programu ya kuchorea, tukapata toleo jipya na namba mpya ya kuiwashia. Kompyuta tatu, basi. Toleo la zamani lilikuwa halihesabu kompyuta, ndiyo maana kwa miaka miwili nilikuwa nalo pia kwenye laptopu yangu, nikiwachorea watu wa Bombo nyumba zao bila Mama kujua. Jumapili baada ya ibada nikaingiza namba mpya kwenye laptopu hiyo. Nikajiona mjanja.

Jumatatu kompyuta ya Irene ikagoma. Nafasi zote tatu zimeshachukuliwa, ikaandika.

"Namba niliwapa wewe na Rogath tu," Mama akamwambia. "Rogath niko naye mwaka wa tisa. Umewagawia wenzako wa chuo?"

"Hapana, Mama."

"Basi nataka kujua nani anaitumia. Nisipojua mpaka saa sita, majaribio yameisha, rudi kwenu Mwanga."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nikachonga penseli. Nani anachorea penseli siku hizi? Nikaichonga mpaka ikabaki kipande.

Irene akafungua orodha ya kompyuta zilizosajiliwa. Nikamwona anasoma, anarudia, kisha ananitazama. Laptopu yangu niliipa jina mwenyewe siku ya kuinunua: Injinia Rogath. Masikio yakaniwaka moto. Heri angenisema kwa sauti tukamalizana. Yeye aliufunga ule ukurasa, akaniuliza kama nitakunywa chai.

Nikasingizia tumbo, nikakimbilia chumbani kwangu nyuma ya soko. Nikaiondoa leseni kwenye laptopu haraka haraka, kama mwizi wa kuku. Niliporudi, kompyuta ya Irene ilikuwa imekubali. Nikadhani yameisha.

"Imekubali," Mama akamwambia Irene, "lakini hujaniambia nani alikuwa nayo. Mtu nisiyemwamini siwezi kukaa naye. Kusanya vitu vyako."

Irene akachapisha karatasi moja, akaiweka kifudifudi mezani kwangu, akaanza kukunja waya wa chaja yake. Sikuwa na haja ya kuigeuza. Ilikuwa ile orodha, yenye jina langu na saa niliyoitoa leseni.

Ningeweza kuitia mfukoni. Nakiri kwamba mkono ulikwenda mfukoni kwanza, na hilo ndilo linalonitia aibu mpaka leo kuliko yote. Kisha nikaipeleka kwa Mama.

Aliisoma polepole. "Injinia Rogath," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, nami nikatamani sakafu inimeze. Akamgeukia Irene. "Na wewe ulikuwa unajua tangu asubuhi?"

"Nilijua, Mama."

"Sasa mbona ulikuwa unaondoka umenyamaza?"

Irene aliendelea kukunja waya wake. "Nilikuwa namsubiri kaka aseme mwenyewe."