Pampu ya Baba Mkwe

Mpaka saa sita mchana Régine alitakiwa kutaja mradi mmoja tu. Karakana yao, kando ya mto Naviundu, ilikuwa na miradi miwili na vyuma visivyotosha hata mmoja. Mteja wao wa Likasi alikuwa amesema wazi: mwisho wa mwezi aonyeshwe mashine inayofanya kazi, ama pampu ama kinu, la sivyo anakwenda Mokambo, mpakani, kununua za Zambia. Huyo akiondoka, watu tisa wanarudi nyumbani mikono mitupu, Régine akiwa wa kwanza.

Kinu cha mahindi kilikuwa cha fundi Kalaba. Régine alikijua ndani nje. Kila asubuhi alikichungulia, akamsumbua Kalaba kwa maswali, akaandika alichokiona. Kinachemka. Kinatetemeka. Unga wake mnene. Kasoro kumi na moja, zote kwa mwandiko wake mwenyewe.

Pampu ya mzee Chishimba haikuwa na kasoro hata moja. Ingekuwa nazo vipi, na nani angeziandika? Chishimba ndiye baba yake Doudou, na Doudou ndiye mume wa Régine. Mkwe ni mkwe: humtazami usoni, humsogelei, na zaidi ya yote humhoji. Miezi minane mzee alikuwa akituma ripoti kwa mkono wa mtu mwingine, "Kazi iko naendelea muzuri," na Régine, mhandisi mzima, mwenye diploma yake ukutani, akatia sahihi bila kufunua turubai lililofunika pampu. Yaani turubai tu, jamani!

Saa tano na nusu alimwambia patron Anaclet, mwenye karakana: pampu. Kinu kikatwe, vyuma vyake vimalizie pampu. Kalaba hakubisha. Alivaa miwani, akawasha mashine ya kukatia, na cheche zikaanza kuruka uani. Régine aliona vibaya sana, lakini alijiambia kwamba kazi isiyo na kasoro ndiyo ya kushika.

Akaenda kumpa mzee habari. Alisimama mlangoni, macho chini.

"Baba, pompe yenu njo tumechagua. Vyuma biko nakuya sasa hivi."

Mzee akaketi juu ya sanduku la misumari.

"Mama," akasema, "ile pompe haipandishake mayi. Tangu mwezi ya tatu. Nilikuwa nangoja muniulize. Siku moja tu mungeniuliza, ningesema. Lakini mimi mwenyewe, nimuambie bukwe wangu kwamba nilishindwa? Ile kinywa ningeipata wapi?"

Régine alikimbia, kiatu kimoja kikabaki njiani.

"Simama! Kalaba, simama!"

Kalaba akazima mashine. Pipa la kinu lilikuwa limelala vipande viwili, na mhimili umekatwa mara tatu.

"Chef, mulisema tukate," akasema. "Tulisha kukata."

Hakukuwa na fundi Lubumbashi nzima wa kukiunga kabla ya mwisho wa mwezi. Régine alijua hivyo, na Kalaba alijua hivyo. Régine alitamani ardhi immeze.

Anaclet akatoka ofisini, simu sikioni, uso umekunjuka.

"Régine! Client iko ku ligne. Nimuambie pompe iko naleta mayi?"

Nyuma yake Régine akasikia mzee anakuja, anahema.

"Patron, kosa ni yangu, mimi njo..."

"Baba, munyamaze."

Régine alimgeukia mzee kabisa, akamtazama usoni. Mafundi wakainamisha vichwa kwa aibu, maana jambo hilo hawakuwahi kuliona. Kisha akamgeukia Anaclet.

"Hapana, patron. Pompe haina mayi, na sikuiangaliaka hata siku moja. Kinu, nilisha kuikatisha. Muambie hatuna hata moja."